Waya Uliolegea: Sarufi ya Kutafuta Hitilafu ya Umeme katika Gereji za Meru na Embu

Utangulizi

Mijadala ya istilahi za Kiswahili huanzia kwenye nomino na mara nyingi huishia hapo hapo. Orodha huandaliwa, safu moja ikiwa ya Kiingereza na ya pili ya Kiswahili, na mafanikio hupimwa kwa idadi ya maneno yaliyopatiwa visawe. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), lililoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ambayo tangu 2009 ni TATAKI, zilifanya kazi kubwa kwa njia hiyo, na hapana mwanafunzi wa lugha mwenye haki atakayeibeza. Hata hivyo, fundi anayeinama chini ya lori lililokataa kuwaka hatafuti jina la kitu. Majina ya vifaa anayajua, au akikosa jina hunyoosha kidole. Anachokitafuta ni tukio: waya umefanya nini, umefanywa nini, ulianza lini, na je, unaendelea kufanya hivyo au umekwisha kufanya?

Makala haya yanadai kwamba katika kazi ya kutafuta hitilafu, maarifa ya fundi hukaa kwenye kitenzi zaidi kuliko kwenye nomino. Mnyambuliko, njeo, hali na uradidi wa kitenzi ndizo ngazi anazokanyaga kutoka malalamiko ya dereva hadi kwenye skrubu iliyolegea. Dai hili linafafanuliwa kwa kufuata hitilafu moja tu, tena ya kawaida mno: waya uliolegea katika lori. Tukio linalosimuliwa ni la kutungwa kwa ajili ya somo. Hitilafu yenyewe, vipimo vyake na namna ya kuirekebisha ni mambo ambayo fundi yeyote wa umeme wa magari atayatambua.

Barabara na lugha zake

Barabara inayotoka Embu kwenda Meru huzunguka upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Hupita Runyenjes, huvuka mto Thuci, huingia Chuka katika kaunti ya Tharaka-Nithi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Meru, kisha huendelea kuelekea Nkubu na Meru mjini. Mito inayoshuka kutoka mlimani kwenda Tana, kama vile Nithi na Mutonga, imechimba mabonde makali, kwa hiyo njia ni ya kupanda na kushuka na kukata kona. Malori hupita hapo yakiwa na ndizi, viazi, chai, kahawa na mbao, na magari ya miraa kutoka Igembe nayo hukimbizana na saa, maana miraa iliyonyauka haina mnunuzi. Mtikisiko wa mwendo wa namna hii, joto la injini na vumbi la barabara za mashambani ni maadui watatu wa kila kiungo cha waya.

Gereji za miji hii ni mahali pa makutano ya lugha. Kiembu na Kimeru ni ndugu wa karibu. Katika uainishaji wa Guthrie, Kikuyu ni E51, Kiembu E52, Kimeru E53 na Kitharaka E54. Hata hivyo, ndugu hawa hawaelewani moja kwa moja katika kila jambo. Mmeru mwenyewe anaweza kuwa Mwigembe, Mtigania au Mwimenti, kila mmoja na lahaja yake. Dereva huenda akawa Mkamba, mwenye mzigo akawa Mkikuyu, fundi akawa Mwembu na mwanagenzi wake akawa Mchuka. Wote hukutana katika Kiswahili. Kiswahili hicho kina sauti za kwao: 'lori' huweza kusikika kama 'rori', na 'betri' kama 'mbetri', kwa kuwa lugha zao za kwanza hazitenganishi /l/ na /r/ jinsi Kiswahili kinavyofanya, na /b/ ya kupasua kwao huja pamoja na nazali. Hayo ni mambo ya fonolojia na yamekwisha kuandikwa sana. Sarufi ya Kiswahili hicho haijapata bahati hiyo.

Malalamiko ya dereva

Lori limepakia ndizi Nkubu, linakwenda Nairobi. Dereva anasimama Chuka kunywa chai na anazima injini. Akirudi na kuzungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, kisha zinafifia; stata inagonga mara moja, 'tik', halafu kimya. Fundi anaitwa. Mazungumzo yao yanaweza kuwa hivi:

"Fundi, hii gari inakataaga nikiizima, lakini nikiitingisha inashika. Leo imekataa kabisa."

"Inakataa ikiwa moto ama ikiwa baridi?"

"Hata baridi, dere haipendi."

"Na taa, zilizimika ama zilififia?"

"Zilififia."

Mwalimu wa sarufi sanifu atakuwa na kalamu nyekundu mkononi. 'Hii gari' badala ya 'gari hili'. 'Inakataaga' badala ya 'hukataa'. Lakini msomaji akiweka kalamu chini kwa muda ataona kwamba fundi amekwisha kupata nusu ya jibu bila kushika spana.

Kiambishi tamati -ga katika 'inakataaga' kinajulikana sana katika Kiswahili cha bara nchini Kenya. Kinatokana na uradidi wa kitendo, yaani mazoea, ambao katika Kikuyu, Kiembu na Kimeru huonyeshwa na -aga mwishoni mwa kitenzi. Kiswahili sanifu hutumia hu- mwanzoni: 'hukataa'. Tofauti iliyopo ni kwamba hu- humeza nafsi na njeo, ilhali 'inakataaga' huhifadhi vyote viwili na kuongeza mazoea juu yake. Mtu anaweza kusema 'ilikataaga' kwa maana kwamba mazoea hayo yalikuwapo zamani na sasa hayapo, jambo ambalo kwa hu- huhitaji kuongezewa maneno. Kwa fundi huyu, -ga ni habari muhimu: hitilafu huja na kuondoka. Waya uliokatika kabisa hauondoki na kurudi. Fyuzi iliyoungua haijirekebishi. Kinachokuja na kuondoka ni kiungo kinachogusa na kuacha.

Kisha kuna -ki- ya 'nikiitingisha'. Hapa dereva amefunga masharti mawili pamoja: mtikisiko na kushika. Hajui kwamba ametoa ushahidi wa kitaalamu, lakini ameutoa. Kipimo cha kutingisha waya kwa mkono huku taa au mita ikitazamwa ni mojawapo ya vipimo vya kwanza vya fundi wa umeme popote duniani, na dereva amekwisha kukifanya kwa kulisukuma lori zima.

Swali la mwisho la fundi ndilo bora kuliko yote. 'Zilizimika ama zilififia?' Vitenzi hivi viwili si visawe. Kuzimika ni kukoma. Kufifia ni kupungua. Taa zikizimika ghafula, njia ya umeme imekatika. Zikififia wakati stata inaitwa, njia ipo lakini imebanwa mahali fulani, au betri yenyewe imechoka. Anayejua fizikia atasema kwamba fundi ameuliza kuhusu ukinzani. Fundi hakulihitaji neno hilo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa na kitenzi tayari.

Uradidi wa shina la kitenzi nao hufanya kazi ya namna hii. 'Taa zinazimika' na 'taa zinazimika-zimika' ni hitilafu mbili tofauti. Vitabu vya shule huueleza uradidi kuwa ni wa kusisitiza au wa kuonyesha wingi wa tendo. Katika gereji uradidi wa 'katika-katika', 'zimika-zimika' na 'gusa-gusa' huonyesha jambo mahususi zaidi: tendo lisilo na utaratibu, linalotokea bila taarifa. Mafundi huchukia hitilafu ya namna hiyo kuliko zote, kwa kuwa lori linaweza kufika gereji likiwa zima na kuharibika tena kilomita tano mbele.

Vitenzi vinne

Waya mmoja unaweza kupatwa na mambo mengi, lakini vitenzi vinne hubeba karibu yote: kulegea, kukatika, kugusana na kuungua.

'Kukatika' ni kauli ya kutendeka ya 'kata'. Haitaji mtendaji. Umeme haupiti, basi. 'Kugusana' ni kauli ya kutendana, na ndiyo maana halisi ya kile ambacho mafundi pia hukiita 'shoti': waya wa moto umegusana na chuma cha gari kabla ya kufika kwenye kazi yake. Msomi aliyewahi kupendekeza fungu refu la maneno kwa dhana hii angeweza kujiokoa taabu kwa kukumbuka -ana. Neno moja la kutendana linaeleza kwamba vitu ni viwili, kwamba vyote vinashiriki, na kwamba kosa si la kimoja. 'Kuungua' ni matokeo. Fundi mwenye busara hauti 'waya umeungua' jibu, bali huuliza ni nini kilichouunguza.

'Kulegea' ndicho kitenzi cha makala haya. Jozi yake ni 'legeza'. Tofauti ya e-a na e-z-a hapa ina uzito hata wa kifedha. 'Nati imelegea' inaweza kuwa kazi ya barabara na miaka. 'Nati imelegezwa' inamtaka mtu ajibu. Lori likirudi gereji wiki moja baada ya kutengenezwa, ugomvi mzima kati ya mwenye gari na fundi unaweza kukaa juu ya fonimu moja, na pande zote mbili hulijua hilo vizuri, ingawa hazijawahi kusikia neno 'kauli ya kutendesha'.

Lililo gumu ni kwamba kulegea ni hali ya katikati. Waya uliolegea umefungwa na haujafungwa. Ukitazamwa, upo mahali pake. Ukipimwa vibaya, utaonekana mzima. Hapa ndipo mwanagenzi hudanganyika, na hapa ndipo lugha inapaswa kumsaidia.

Moto upo, moto unafika

Lori kubwa kwa kawaida hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo: kichwa chanya cha moja kwa kichwa hasi cha nyingine. Umeme hutoka upande chanya kwa waya mnene hadi kwenye stata. Hakuna waya wa pili wa kuurudisha. Chuma cha injini na cha fremu ndicho njia ya kurudia, na waya mpana au mkanda wa shaba huunganisha injini na fremu, na mwingine fremu na kichwa hasi cha betri. Mafundi huita upande chanya 'waya wa moto' na upande wa kurudia 'athi'.

Neno 'athi' linastahili kuelezwa kidogo. Limetoholewa kutoka Kiingereza, na mtu mwenye ari ya usanifu angeweza kulisahihisha liwe 'ardhi'. Angekosea. Lori limesimama juu ya mipira na umeme wake hauendi ardhini hata kidogo. Hurudi kwenye betri. Jina la Kiingereza lenyewe ni sitiari isiyofaa kwa gari. Fundi aliyekopa sauti bila kukopa maana alipata bahati, kwa sababu mwanagenzi anayesikia 'athi' hatafuti udongo.

'Moto' ndilo neno zito zaidi. Katika mazungumzo yaliyotangulia fundi aliuliza kama gari hukataa 'ikiwa moto', yaani injini ikiwa na joto. Dakika mbili baadaye atasema 'moto haufiki', yaani umeme. Na ikiwa mambo yataharibika, mtu atapiga kelele 'moto!' kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo. Maana tatu katika gereji moja, na hazichanganyikani, kwa kuwa kila moja ina vitenzi vyake. Joto 'huwa'. Umeme 'hupita, hufika, hukatika'. Moto wa kuteketeza 'huwaka' na 'hushika'. Kitenzi hutenganisha kile ambacho nomino imekichanganya.

Turudi kwenye lori. Mwanagenzi anachukua testa, ile yenye taa ndogo na mdomo wa chuma, anabana upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na kugusisha mdomo wake kwenye stata. Taa inawaka. "Moto upo," anasema. Anataka stata ifunguliwe.

Kosa lake linaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Chukulia kwamba mahali fulani njiani pana kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.05 tu. Taa ya testa ya wati 5 katika volti 24 huvuta takriban ampea 0.2. Ampea 0.2 zikipita kwenye omu 0.05 hupoteza volti 0.01, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Taa itawaka kana kwamba kiungo ni kizima. Lakini stata ya lori huvuta ampea nyingi. Zikiwa 200, kiungo kile kile kitameza volti 10, na stata itabaki na 14 badala ya 24. Haitazunguka. Zaidi ya hayo, volti 10 zikizidishwa kwa ampea 200 ni wati 2000, joto la jiko dogo la umeme lililofichwa chini ya nati moja. Ndiyo sababu kiungo kilicholegea huhisiwa kwa mkono baada ya kujaribu kuwasha: huwa cha moto kuliko vyenzake. Na ndiyo sababu malori huungua.

Kwa hiyo 'moto upo' na 'moto unafika' ni taarifa mbili tofauti, na ya tatu ni 'moto unafika ukiwa na nguvu'. Ya kwanza hupimwa kitu kikiwa kimetulia. Ya tatu hupimwa kazi ikiendelea. Fundi hampi mwanagenzi fomula ya Ohm. Anamwambia apime tena mtu akiwa anazungusha ufunguo.

Sasa mita inatumika badala ya taa. Mguu mmoja unawekwa juu ya kichwa hasi cha betri, juu ya risasi yenyewe wala si juu ya kibanio, na wa pili juu ya chuma kitupu cha injini. Dereva anazungusha ufunguo. Njia ya kurudia ikiwa nzima, mita itaonyesha karibu sifuri, na kwa vyovyote haitazidi nusu volti. Katika mfano huu inaonyesha volti 9. Stata haina kosa. Waya mnene wa moto hauna kosa. Hitilafu iko upande wa athi.

Baada ya hapo njia hukatwa vipande. Kutoka kichwa cha betri hadi kibanio chake: sifuri. Kutoka kibanio hadi fremu: sehemu ndogo ya volti. Kutoka fremu hadi injini: karibu volti 9 zote. Mkanda wa shaba unaounganisha injini na fremu upo, na boliti yake ipo. Fundi anaushika na kuutingisha. Unacheza.

'Unacheza' ni kitenzi cha tano, na pengine ndicho kizuri kuliko vyote vinne vilivyotangulia.

Kichwa kinachoinama

Kuna jambo la nomino ambalo haliwezi kupitwa hapa. Pikapu na malori ya zamani yenye pua, kama Bedford, hufunguliwa 'boneti'. Malori mengi yanayopita barabara hii leo hayana pua. Dereva hukaa juu ya injini, na ili fundi aione injini hiyo lazima chumba chote cha dereva kiinuliwe na kuinamishwa mbele. Chumba hicho huitwa 'kichwa'. Mwanafunzi anayetafsiri kitabu cha ufundi na kuandika 'boneti' kila mahali atampeleka fundi kwenye kitu kisichokuwapo.

Kichwa kinachoinama kina hatari zake. Kisipofungiwa nguzo yake kinaweza kumwangukia mtu aliye chini. Tena nyaya zote zinazotoka kwenye fremu kwenda kwenye dashibodi hupita mahali pa bawaba, na kila kichwa kinapoinuliwa hupindwa. Ngozi ya waya husugulika hapo mpaka shaba ikaonekana. Hitilafu inayotokea kichwa kikiinuliwa na kupotea kikirudishwa hutafutwa hapo kwanza.

Kukaza

Marekebisho ni mafupi kuliko utafutaji. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza na hurudishwa mwisho. Sababu yake ni nyepesi: spana ikiwa juu ya kichwa chanya na ikagusa chuma cha gari wakati hasi bado imefungwa, spana yenyewe huwa waya, hupitisha ampea mamia na huweza kuyeyuka mkononi. Hasi ikiwa imefunguliwa, njia ya kurudia haipo.

Boliti huondolewa. Kukaza peke yake hakutoshi, na hapa mafundi wavivu na mafundi wazuri hutengana. Chini ya mkanda huwa pana rangi, mafuta na vumbi lililoiva kama gundi. Fremu hukwaruzwa kwa msasa mpaka chuma king'ae. Uso wa mkanda nao vivyo hivyo. Ikiwa shaba imefanya unga wa kijani, au nyuzi zake zimekatika nyingi, mkanda hubadilishwa. Waya mwembamba ukiwa umekatika karibu na kichwa chake, hukatwa nyuma hadi kwenye shaba inayong'aa, huchunwa, na kichwa kipya hubanwa kwa koleo la kazi hiyo. Wapo wanaopenda kuunga kwa risasi ya kuchomelea. Inapitisha umeme vizuri, lakini huufanya waya kuwa mgumu, na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Waya wa namna hiyo lazima ufungwe mahali usicheze. Mwisho boliti hukazwa kwa spana, washa yake ikiwamo, na mafuta mazito hupakwa juu kuzuia maji.

Jambo moja huharibu yote hayo: haraka. Mzigo wa ndizi unaiva juani, mwenye mzigo anapiga simu, na fundi anavuta waya mpya moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye kifaa, bila fyuzi. Lori linashika. Kila mtu anafurahi. Waya ule ukija kusuguliwa na kugusana na chuma, hapatakuwa na kitu cha kuukata isipokuwa moto wenyewe, na hapa neno lina maana ya kwanza. Kubadilisha fyuzi ya ampea 10 kwa ya 30 ni kosa la ukoo huo huo.

Orodha na kamusi

Baada ya kufuata waya huu, swali la istilahi linaweza kuulizwa upya. Majina ya kigeni katika gereji hii ni mengi: stata, fyuzi, betri, swichi, testa. Yote yameishia kwa irabu na yamekubali viambishi vya Kiswahili. Kitenzi 'chaji' kimeingia bila -a mwishoni, lakini kina wenzake wa siku nyingi kutoka Kiarabu, kama 'safiri' na 'fikiri', na hunyambulika bila taabu: 'chajiwa', 'chajisha'. Hata 'waya', ambalo ni neno la Kiingereza, lilijikuta likifanana na 'wavu' na kufuata wingi wa 'nyavu', likazaa 'nyaya'. Wanagereji wengi husema 'mawaya'. Hapo pana jambo la kuchunguzwa: je, 'mawaya' ni kosa tu, au ni jina la lile furushi lililofungwa tepu, tofauti na 'nyaya' zinazohesabika moja moja?

Mwanaisimu wa Uganda K. B. Kiingi alipendekeza vigezo vinavyojulikana kwa ufupisho wa PEGITOSCA, ambavyo miongoni mwake ni usahihi, iktisadi na kukubalika. Kwa vigezo hivyo vitatu, 'kugusana' na 'kufifia' vinafaulu bila msaada wa kamati yoyote. Tatizo ni kwamba havionekani kuwa istilahi, kwa sababu ni vitenzi na kwa sababu kila mtu anavijua. Mtaalamu wa istilahi huvipita akitafuta jina la rilei.

Upo upinzani unaopaswa kusikilizwa. Inaweza kusemwa kwamba vyuo vya ufundi nchini Kenya hufundisha kwa Kiingereza, na kwamba kijana atakayekwenda chuo baada ya gereji atanufaika zaidi akijua maneno ya mtihani. Ni kweli. Lakini kijana huyo atakapokutana darasani na dhana ya kushuka kwa volti chini ya mzigo, ataambiwa kwa lugha ngeni jambo ambalo amekwisha kulifanya kwa mikono na kulisema kwa Kiswahili. Asipopata mtu wa kumwonyesha kwamba 'moto unafika lakini hauna nguvu' ndiyo dhana hiyo hiyo, atakariri moja na kutumia nyingine, na daraja kati yake halitajengwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo haujashuka bado hadi kwenye kitabu cha fundi wa umeme wa magari, na wanaoweza kukiandika wako katika madarasa ya Kiswahili, si ya uhandisi peke yake.

Kazi inaweza kuanza na kidahizo kimoja. 'Moto' kipewe maana yake ya umeme, na badala ya kisawe kipewe vitenzi vyake: moto upo; moto haufiki; moto umekatika; moto unapita lakini hafifu. Chini yake pawe na 'athi', pamoja na maelezo kwamba si ardhi. Na chini ya 'legea' pawe na mfano unaotoka barabarani: waya uliolegea huwasha taa, lakini hauzungushi stata.